Mhunzi hapati faida kwenye kisu, anaipata kwenye ala

UKIFIKA Mamba, mashariki kidogo ya Marangu kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, unasikia nyundo kabla hujamwona mhunzi. Vibanda vya uhunzi viko katikati ya migomba na vingi havina kuta zote nne. Ndani kuna fuawe, lundo la makaa, mivukuto ya ngozi ya mbuzi na kipande cha springi ya gari kinachosubiri zamu yake motoni.

Kwa vizazi vingi wahunzi wa Kichaga wa upande huu ndio waliowafulia Wamasai mikuki. Siku hizi anayesimama mbele ya kibanda anaweza kuwa morani, mkulima anayetaka panga linolewe, au mtalii aliyetoka kupanda mlima na sasa anatafuta kitu cha kupeleka kwao.

Huyo wa mwisho hataki kisu kinachong'aa cha dukani, kwani cha namna hiyo anacho jikoni kwake. Anataka kisu cha kizamani: chuma chenye alama za nyundo, mpini wa mti au pembe, na ala ya ngozi iliyoshonwa kwa mkono. Mazungumzo kibandani huwa mafupi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, karibu."

"Hiki kisu bei gani?"

"Elfu ishirini."

"Ala yake iko wapi?"

"Ala hakuna. Nitakufungia kwenye gazeti."

Hapo kwenye gazeti ndipo fedha inapopotea. Kilomita chache chini ya mlima, kwenye machinjio madogo ya pembezoni mwa barabara, ngozi ya mbuzi inaweza kulala juani mpaka ioze kwa kukosa mnunuzi. Juu kuna kisu kisicho na ala na chini kuna ngozi isiyo na kazi, na wenye mali hizo mbili hawajawahi kukaa meza moja.

Chuma cha Ugweno na chuma cha Land Rover

Zamani Wachaga walipata chuma chao kutoka Upare. Huko Ugweno, kaskazini mwa milima hiyo, watu waliyeyusha mchanga wenye madini ya chuma kwenye matanuri ya udongo. Kwa mujibu wa Profesa Isaria Kimambo, ambaye kitabu chake cha historia ya Wapare kilichapishwa mwaka 1969, ukoo wa Washana, ambao ulikuwa ukoo wa wahunzi, ndio uliotawala Ugweno kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Wakati huo aliyeshika chuma alishika nchi.

Hali haikuwa hivyo kila mahali. Wamasai wanao wahunzi wao, Ilkunono, ambao jamii iliwatenga. Watu wa koo nyingine hawakuoa kwao, na aliyepokea mkuki kutoka mkononi mwa mhunzi alipaka mikono yake mafuta kwanza ili asipate unajisi. Hakuna aliyeweza kuishi bila kazi yao, lakini hakuna aliyetaka kuwa wao. Pengine tabia ya wahunzi wengi kutaja bei kwa sauti ya chini imeanzia huko.

Chuma cha meli na reli kilipoingia kutoka Ulaya, matanuri yalizimika mojamoja. Leo hakuna haja ya kuyeyusha mchanga. Malighafi bora ya kisu inapatikana kwenye gereji: springi za gari, zile pleti zilizopangwa moja juu ya nyingine chini ya Land Rover na malori, pamoja na tupa zilizoisha meno.

Springi ina kaboni ya takriban asilimia 0.6 na mara nyingi ina kromiamu kidogo ndani yake. Tupa nzuri ina kaboni inayofikia asilimia moja au kuizidi. Ndiyo maana tupa inatoa makali yanayodumu lakini huvunjika ikiangushwa kwenye jiwe, wakati springi inavumilia kazi ngumu. Nondo ya kujengea haifai hata kidogo. Kaboni yake ni ndogo mno, na hata ukiizamisha kwenye maji mara kumi haitashika makali.

Kwa mtu asiye na maabara, kipimo ni cheche. Chuma kikigusishwa kwenye jiwe la kusaga, chenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasuka kama nyota ndogo, na cha nondo hutoa mistari mirefu isiyopasuka sana. Kipimo kingine ni kuchemsha kipande kidogo mpaka kiwe chekundu, kukizamisha kwenye maji na kukigonga kwa nyundo. Kikikatika kama kigae, chuma hicho ni cha kisu. Kikipinda tu, kirudishe kwa mwenye chuma chakavu.

Tukiwa hapo hapo kwa mwenye chuma chakavu, mnunuzi adai stakabadhi. Vyuma vya reli, vya nguzo za umeme na vifuniko vya mitaro huishia kwenye mizani hizo hizo, na anayekutwa navyo ndiye atakayejibu polisi.

Moto una rangi zake

Kisu cha kawaida cha kazi za shamba na jikoni kina ubapa wa sentimeta 10 hadi 12, upana wa sentimeta tatu na unene wa milimeta tatu au nne mgongoni. Sime ya Kimasai ni jambo jingine. Ina makali pande zote mbili, ni nyembamba karibu na mpini na hupanuka kuelekea nchani kama jani, ikiwa na uti katikati. Mwanafunzi wa uhunzi haanzi na sime.

Kazi huanzia kwenye ncha. Chuma kinapigwa kikiwa na rangi ya chungwa, na kikishafifia kuwa chekundu cha giza kinarudi motoni. Anayeendelea kukipiga kikiwa kimepoa anaanzisha nyufa ambazo hazionekani leo, ila zitaonekana kisu kikishauzwa. Upande wa makali unapopigwa ukawa mwembamba, kisu hujikunja kama ndizi kuelekea mgongoni. Kwa hiyo mhunzi mzoefu hukikunja kwanza kwa upande wa pili, halafu makali yenyewe hukinyoosha.

Baada ya umbo kupatikana, chuma huchemshwa na kuachwa kipoe hewani, mara tatu, ili kitulie baada ya kipigo. Kisha makali husuguliwa kwa tupa lakini si mpaka mwisho. Yabaki na unene wa milimeta moja hivi, kwani makali membamba mno hupinda au kupasuka wakati wa kuzamishwa.

Kuzamisha ndiko kunakotenganisha kisu na kipande cha bati. Chuma lazima kivuke nyuzi joto 770, ambapo sumaku haikishiki tena, kisha kiongezwe moto kidogo. Mhunzi hufanya kazi hii jioni au kwenye kivuli kizito kwa sababu jua la mchana hudanganya macho kuhusu rangi ya chuma. Springi huzamishwa kwenye mafuta ya kula yaliyopashwa mpaka yawe vuguvugu. Maji ni makali mno kwake.

Tupa ikipita juu ya kisu kilichozamishwa na kuteleza kama juu ya kioo, kazi imefanikiwa. Lakini katika hali hiyo kisu ni kigumu kiasi kwamba kikianguka sakafuni kinaweza kuvunjika. Kinatakiwa kirudishiwe moto mdogo wa nyuzi joto zipatazo 200 kwa saa moja, mara mbili. Asiye na tanuri huweka kipande kinene cha chuma cha moto karibu na mgongo wa kisu na kuangalia rangi ikitambaa. Makali yakifikia rangi ya nyasi kavu, anakitoa. Yakifika bluu, amechelewa, na makali yatalegea.

Hata kwa mtu mwenye mkono mzuri, kisu kimoja katika kila kumi kinaweza kupasuka au kupinda. Hasara hiyo si ajali bali ni sehemu ya gharama, na wengi hawaiandiki popote.

Mpini usio na kesi

Kuhusu mpini, mti wowote mgumu uliokauka vizuri unafaa. Mkwaju ni mzuri, na hata kipande cha mti wa kahawa uliong'olewa shambani kinapendeza kikisuguliwa. Pembe ya ng'ombe, ambayo machinjioni huachwa mbwa waichezee, hulainika ikichemshwa, hubanwa kati ya vibao ikanyooka, na ikipigwa msasa hung'aa kuliko plastiki yoyote.

Mpingo unahitaji uangalifu. Tangu Januari 2017 miti yote ya jamii hiyo iko kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na magogo au mbao zake haziuzwi nje bila kibali. Bidhaa zilizokamilika zenye mti huo usiozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja zilisamehewa, hivyo visu vichache vyenye mipini ya mpingo haviingii kwenye mtego huo. Hata hivyo, sheria za misitu za hapa nyumbani bado zinataka mti wenyewe uwe umevunwa kihalali.

Pembe za swala, miiba ya nungunungu, ngozi ya chatu na meno ya ngiri ni nyara za Serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Mtalii anayeulizia mpini wa namna hiyo anamtafutia mhunzi kifungo.

Historia ya karibu inaonyesha mpini mmoja unavyoweza kuleta balaa. Katika miaka ya 1970 na 1980, Yemen ilikuwa miongoni mwa masoko makubwa ya pembe za faru duniani, na kazi ya pembe hizo ilikuwa kutengenezea mipini ya jambia. Fedha za mafuta zilipoingia, kila aliyeweza alitaka jambia la kifahari, na faru wa Kenya na Tanzania walilipia kwa uhai wao. Yemen ilijiunga na CITES mwaka 1997, wakati faru wa nchi hizi walikuwa wameshabaki wa kuhesabika.

Katika kuunga mpini, msuka wa kisu, yaani ule mkia unaoingia ndani ya mti, huchemshwa na kuusukuma polepole kwenye tundu mpaka ujichomee nafasi yake. Kisha hutiwa gundi ya kienyeji ya utomvu wa mipaina, nta ya nyuki na unga wa mkaa, vilivyoyeyushwa pamoja. Noleo la shaba au la ngozi mbichi iliyozungushiwa ikiwa na maji huzuia mti usipasuke pale kisu kinapoingilia. Kilichobaki ni msasa na mafuta.

Ngozi inaharibiwa kabla mnyama hajafa

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye ng'ombe na mbuzi wengi Afrika, lakini mfugaji mara nyingi huiona ngozi kama kitu cha bure kinachofuatana na nyama. Sheria ya Biashara ya Ngozi ipo tangu mwaka 2008, na Serikali imewahi kuweka ushuru mkubwa kwa ngozi ghafi zinazosafirishwa nje ili viwanda vya ndani vipate malighafi. Bei za dunia zilipoporomoka baada ya mwaka 2014, ushuru haukuweza kumsaidia aliyekuwa na ngozi mbovu.

Ubovu huo huanza mapema. Chapa ya moto huwekwa mgongoni na mbavuni, mahali penye ngozi bora kuliko kote, wakati ingeweza kuwekwa mguuni. Kupe huacha vishimo ambavyo haviondoki. Miiba na fimbo humaliza kilichobaki, halafu mchinjaji naye huchuna mbuzi kwa haraka kwa kisu chenye ncha kali. Mbuzi akishapasuliwa tumboni na miguuni, ngozi yake hutoka kwa kusukumwa na ngumi, bila kisu kabisa. Tundu moja katikati ya ngozi ndogo kama hiyo linaweza kuondoa ala mbili.

Ngozi ikishatoka isikae. Ndani ya saa chache ipakwe chumvi upande wa nyama, kiasi cha theluthi ya uzito wake, au itundikwe kivulini ikiwa imetanuliwa. Ikitandazwa chini juani huiva juu na kuoza ndani, na uozo huo hugunduliwa ikishaingia kwenye maji ya chokaa, nywele na ngozi vikitoka pamoja.

Mnyama aliyekufa ghafla bila sababu inayojulikana asichunwe kabisa. Kimeta kipo kwenye maeneo ya wafugaji ya kaskazini, na vijidudu vyake huishi kwenye ngozi kavu kwa miaka. Mwaka 2006 mtengeneza ngoma mmoja wa New York aliugua kimeta cha mapafu baada ya kukwangua ngozi ghafi alizozitoa Afrika Magharibi. Mfugaji akiona kifo cha namna hiyo amwite daktari wa mifugo.

Miti inayogeuza ngozi mbichi kuwa ngozi ya kudumu inafahamika na haihitaji meli. Magome ya muwati yana tanini nyingi kuliko miti mingi duniani, na ndiyo yaliyowavuta Waingereza kuanzisha kampuni ya miwati huko Njombe mwaka 1949. Kwa nchi kame kuna mgunga ambao Wamasai wanauita olkiloriti. Wao hutia magome yake kwenye supu, wakati huko Sudan maganda ya matunda ya mti huo huo yametumika kutengenezea ngozi tangu zamani. Magome ya mikoko nayo yalisafirishwa kwa wingi kutoka pwani yetu enzi za ukoloni kwa kazi hiyo hiyo, lakini leo mikoko ibaki ilipo ifuge samaki.

Utaratibu wenyewe unahitaji mapipa manne na subira. Ngozi inalowekwa ioshwe damu na chumvi, inakaa kwenye maji ya chokaa siku kadhaa mpaka nywele zilegee, inakwanguliwa pande zote mbili, kisha chokaa inaondolewa kwa maji ya pumba zilizochachuka. Baada ya hapo inaingia kwenye maji ya magome.

Wengi hukosea hapa. Wakiwa na haraka huanza na maji mazito, na tanini hufunga uso wa ngozi huku ndani ikibaki mbichi. Inatakiwa kuanza na maji mepesi yenye rangi ya chai ya mgonjwa, halafu kila baada ya siku chache kuongeza ukali. Ngozi ya mbuzi huchukua wiki mbili hadi tatu, na ya ng'ombe miezi. Kujua kama imeiva, kata ukingoni. Ukiona mstari mweupe katikati ya unene wake, irudishe kwenye pipa.

Viwanda vikubwa hutumia kromiamu na kumaliza kazi ndani ya siku chache. Ngozi hiyo ni laini na ni nzuri kwa viatu, lakini haishiki umbo. Ala inataka ngozi ya magome, kwani ikiloweshwa hufinyangika kufuata kisu na ikikauka hubaki hivyo. Maji machafu ya kromiamu nayo hayafai kumwagwa kwenye mfereji unaonywesha migomba.

Kushona

Wamasai hutengeneza ala kwa njia tofauti. Vibao viwili vyembamba vya mti mwepesi huchongwa ndani kwa umbo la sime na kufunikwa ngozi mbichi iliyoloweshwa. Ngozi hushonwa ikiwa na maji na ikikauka hujibana juu ya mti bila gundi, kisha hupakwa rangi nyekundu. Ala ya namna hiyo hudumu miaka mingi maporini. Kasoro yake kibiashara ni kwamba ngozi ambayo haijapikwa kwa magome inaweza kuzuiwa na wakaguzi wa mifugo wa nchi anakoenda mgeni.

Kwa kisu kifupi, ngozi ya ng'ombe ya magome yenye unene wa milimeta tatu inatosha peke yake, na ya mbuzi hufaa kwa kufunikia vibao au kwa kushonwa mara mbili. Kipande kinakunjwa kufuata kisu. Kabla ya kushona, kati ya kingo mbili huwekwa ukanda mwembamba wa ngozi hiyo hiyo. Bila ukanda huo makali hugusa uzi kila kisu kinaporudi, na baada ya msimu mmoja ala inafunguka.

Matundu yapimwe kwa uma, yawe na nafasi sawa. Uzi wa pamba uliosuguliwa nta ya nyuki unafaa, na wa kano za mgongo wa ng'ombe unapendeza zaidi kwa anayetaka kitu cha kale. Sindano mbili hupita tundu moja kutoka pande mbili, ili uzi mmoja ukikatika mwingine ushikilie. Cherehani haifanyi hivyo, na mnunuzi anayejua vitu hutazama hapo kwanza.

Ikishashonwa, ala huloweshwa kwenye maji ya uvuguvugu, kisu hufungwa kwenye mfuko wa nailoni na kuingizwa ndani, na ngozi hubonyezwa kwa vidole mpaka mpini ubaki ukishikwa vizuri. Hukaushwa kivulini siku nzima. Anayeiweka karibu na moto ili aiwahi gari la jioni atapata ala iliyosinyaa kama kashata. Mwisho hupakwa nta iliyoyeyushwa, nje tu.

Shilingi kwa shilingi

Tuchukue mfano wa visu 10 vinavyotengenezwa kwa mkupuo mmoja. Tarakimu hizi ni za kuonyesha hesabu tu, na kila fundi aweke bei za kwake.

Tuseme springi kilo tano ni Sh12,500, makaa Sh25,000, mti wa mipini Sh10,000, msasa, mafuta na vikorokoro vingine Sh12,500, na kuchakaa kwa vifaa Sh12,000. Jumla ni Sh72,000. Mhunzi na msaidizi wake wanafanya kazi siku tano, yaani siku 10 za mtu mmoja. Kisu kimoja kinapasuka na tisa vinabaki.

Akiviuza vitupu kwa Sh20,000 kila kimoja anapata Sh180,000. Akitoa gharama anabaki na Sh108,000 za kugawa kwa siku 10, ambazo ni Sh10,800 kwa siku. Kama kibarua wa ujenzi hapo jirani analipwa Sh12,000, basi mhunzi mwenye ujuzi wa miaka 20 anazidiwa na mbeba zege.

Sasa aongeze ala. Ngozi, magome, uzi na nta ni Sh15,000, na kazi ya ngozi inachukua siku nne. Kisu chenye ala kinauzwa Sh35,000, vyote tisa Sh315,000. Gharama sasa ni Sh87,000 na kinachobaki ni Sh228,000 kwa siku 14, yaani Sh16,285 kwa siku.

Lakini tazama zile siku nne peke yake. Zimeleta mapato ya ziada ya Sh135,000, ukitoa Sh15,000 za vifaa zinabaki Sh120,000. Ni Sh30,000 kwa kila siku ya kushona, karibu mara tatu ya siku ya kupiga nyundo. Hata ala ikiongeza Sh10,000 tu badala ya 15,000, siku ya kushona bado inalipa Sh18,750.

Wenye kuzoea visu vya heshima wanalijua hilo siku nyingi. Khanjari ya Oman, ambayo ufundi na mila zake ziliandikishwa na UNESCO mwaka 2022, hutambulika kwa fedha iliyofumwa kwenye ala yake. Wenyeji wa Zanzibar waliorithi khanjari za babu zao huwaonyesha wageni ala na mpini, na ni nadra kuuchomoa ubapa.

Swali gumu ni nani atashona. Mhunzi mwenyewe mikono yake imezoea nyundo ya kilo mbili na si rahisi ikatulia kwenye sindano. Fundi viatu wa senta ya jirani anaweza, kwa malipo ya kila ala. Kikundi cha akina mama wafugaji, ambao tayari wanashona shanga kwenye ngozi, kinaweza zaidi, ila wawe na mapipa yao ya magome na wauze ala iliyokamilika, wasiishie kuuza ngozi. Vinginevyo ile Sh30,000 ya siku itahamia kwa mwenye duka la vinyago mjini, ambaye atanunua visu vitupu na ngozi ghafi na kuviunganisha mwenyewe.

Yapo na mambo madogo yanayoharibu mauzo. Mtalii akiweka kisu kwenye mkoba wa mkononi kitachukuliwa uwanja wa ndege, na hadithi atakayoipeleka kwao itakuwa ya kunyang'anywa. Muuzaji amwambie mapema akiweke kwenye begi linaloingia chini ya ndege, na aangalie sheria za kwao kuhusu visu vyenye makali pande mbili. Karatasi ndogo yenye kueleza chuma, mti na ngozi vilivyotumika humsaidia mgeni mbele ya ofisa wa forodha.

Jingine ni kutu. Tanini ya ngozi ikipata unyevu hula chuma cha springi na kuacha madoa meusi. Kisu kipakwe mafuta na kihifadhiwe nje ya ala, ala itundikwe pembeni yake. Mafundi wengine hukaa kimya kuhusu hilo wakihofia mteja ataona ameuziwa kitu kibovu. Halafu kisu kinarudi baada ya mwezi kikiwa na madoa, mwenyewe akiwa amekasirika, na mhunzi anaacha kazi ya mteja mwingine ili akisugue upya bila malipo.